Kabla hujafunga kopo la kudakia oili, toa kwanza ukoko kwenye valvu

Wenye gari za tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu kwenye injini) zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda hii ni ya kwenu, Forester XT za 2013 mpaka 2018 zenye injini ya FA20, Golf za TSI, Audi za TFSI na ndugu zao wote. Siku hizi gari ikitetema asubuhi tu mtu anaambiwa nunua kechi keni, yaani hilo kopo la kudakia mvuke wa oili, anakimbia maduka ya spea Gerezani anarudi na kopo linang'aa kama sufuria ya bibi harusi, fundi analifunga, na kesho yake gari inatetema vilevile. Afu analaumu kopo. Kopo kazi yake ni kuzuia, ukoko ambao tayari umeganda kwenye valvu haliugusi kabisa.

Nasema ukoko maana sina neno zuri zaidi. Ukipiga tochi kwenye poti (njia ya hewa inayoishia kwenye valvu) ya injini iliyotembea kilomita laki moja na kitu unaona valvu ina kitu cheusi kama ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni, kina mabonde na vilima, ukucha hauingii. Inatokeaje? Injini ya zamani noseli za kurushia petroli zilikuwa nje, kwenye poti, petroli inapita mgongoni mwa valvu ndo inaingia, kwa hiyo kila mzunguko valvu inaoshwa. Hizi mpya petroli inarushwa ndani ya silinda kwa presha ya bar 150, 200 hivi, valvu hailioni tone. Sasa huku chini kuna moshi unaovuja kupita kwenye ringi za pistoni na kubeba mvuke wa oili, na gari haitakiwi kuutupa nje, inaurudisha kwenye hewa ya kuvuta kupitia valvu ndogo ya PCV. Ule mvuke unagusa valvu ya moto, unakaangika, siku baada ya siku. Tabo inaongeza presha kwenye silinda kwa hiyo na moshi unaovuja unaongezeka.

Wazee wa Toyota Nadia na Opa zenye injini ya D4, nazo zinamwaga petroli ndani ya silinda, wanaijua hii habari kabla hata ya Facebook, mpaka leo ukitaja D4 kwa fundi wa Dar anakuna kichwa. Toyota wenyewe baadae wakaja na D-4S, noseli nyingine ndani nyingine kwenye poti, ili valvu zipate kuoshwa. Hiyo inatosha kukuonesha tatizo ni la kweli sio maneno ya wauza makopo.

Haya, hatua. Kwanza hakikisha ni ukoko kweli. Dalili zake ni gari kumisi, yaani silinda kuruka bila kuwaka, ikiwa ya baridi afu ikipata moto inatulia, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka, nguvu inapungua taratibu mpaka unazoea, mashine ya kupimia inasoma namba za kosa la kumisi, P0300 au P0301 mpaka P0304. Ila plagi na koili zinatoa dalili hizohizo na ndo za bei rahisi, kwa hiyo hamisha koili ya silinda inayomisi uipeleke nyingine, ikihama na kosa basi umepona, ni koili. Isipohama, badili plagi. Bado? Nunua zile kamera ndogo za waya zinazochomekwa kwenye simu, toa mpira wa hewa, peleka kamera mpaka uone valvu, au kama njia imejikunja kama ya Subaru subiri manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa kila silinda) ifunguliwe.

Dawa za kumwaga kwenye tanki usinunue kwa ajili ya hili. Jamaa wa sheli atakwambia inasafisha valvu, mwambie valvu yangu haipitiwi na petroli, atakuangalia tu. Inaweza kusaidia noseli, valvu za kuvutia hewa hapana. Za kupuliza kwenye mdomo wa hewa zinasaidia kidogo kama ukoko bado mwembamba, ukoko mnene zinaulowanisha tu.

Kusafisha kwenyewe ni kutoa manifodi. Kwenye Forester unaanza na intakula (kipoza hewa ya tabo) iliyokaa juu, afu manifodi, na uzuri wa boksa, injini ya silinda zilizolala, ni poti zinaangalia juu kwa hiyo unaona kila kitu. Ubaya wake ni huohuo, chochote unachodondosha kinashuka. Usifungue paipu za petroli ya presha injini ikiwa imetoka kutembea, iache ilale. Poti ambazo hufanyii kazi ziba kwa kitambaa safi, na vihesabu vile vitambaa, namaanisha vihesabu kwa namba, vinne vimeingia vinne vitoke.

Sasa hapa ndo pa kutulia. Silinda unayosafisha LAZIMA valvu zake za kuvutia ziwe zimefunga. Zungusha krenki (shafti kuu ya injini) kwa mkono na spana, sio kwa stata, huku unaangalia valvu mpaka zikae kabisa, afu mimina dawa ya kusafishia kabureta kidogo ndani ya poti uone. Ikikaa kama maji kwenye kikombe, zimefunga. Ikishuka, bado ziko wazi, na ungeanza kukwangua hapo ukoko wote ungeingia kwenye silinda na ukuta wa silinda ungechubuka.

Njia nzuri kuliko zote ni kupuliza unga wa maganda ya walnati, kokwa lenye ganda gumu, kwa kompresa huku vakyumu inavuta upande wa pili. Maganda yale ni magumu kuliko kaboni lakini laini kuliko chuma. Huku kwetu walnati hatuna, unga wake unaagizwa, na gereji zenye mashine yake ni za kutafuta. Mtu akikwambia nitakupulizia na mchanga kama tunavyofanya rimu, chukua funguo zako uondoke, punje moja ya mchanga ikibaki injini imekwisha. Na usije ukajaribu ubunifu wa maganda ya korosho, yana mafuta yanayobabua hata mikono ya wabanguaji. Bila mashine ni dawa, brashi za nailoni, kijiti cha plastiki na subira. Loweka nusu saa, kwangua, vuta uchafu kwa vakyumu au sirinji, loweka tena. Mimi valvu nane zilinila siku mbili na mgongo ukauma wiki. Wakati wa kurudisha weka gasketi mpya za manifodi, za zamani zinavuja hewa na utaanza kutafuta mchawi upya.

Ukishamaliza hapo ndo kopo lina maana. Kabla ya kulipia lifungue kifuniko dukani. Ndani lazima kuwe na kizuizi, sahani za matundu au wavu kama stiliwulu, kitu cha mvuke kujigonga ili oili itone chini. Mengi ya bei chee ndani ni matupu, mvuke unaingia huku unatokea kule umestarehe tu. Na liwe na koki ya chini.

Njia za moshi ni mbili. Moja inatoka PCV inaenda kwenye manifodi, inafanya kazi ukiwa umesimama au unatembea polepole, pale manifodi inavuta. Ya pili inaenda kwenye mdomo wa tabo, hiyo inabeba ukikanyaga, maana manifodi ikijaa presha PCV inajifunga. Kama maisha yako ni foleni ya Mwenge na Ubungo anza na ya PCV, ndo inayokupikia ukoko kila siku. PCV yenyewe iache mahali pake, kopo linakaa baada yake, mdomo wa kuingilia uangalie injini na wa kutokea uangalie manifodi. Usichomeke kifilta kidogo kwenye kopo ukaacha moshi utoke nje kwa sababu uliona kwenye picha za magari ya mashindano. Kwenye upande wa manifodi gari itavuta hewa ambayo sensa haijaipima, na ndani ya gari patanuka oili.

Mpira usibane pesa. Mimi nilibana, nikachukua mpira mweusi laini ambao muuzaji aliapa ni wa oili, wiki ya tatu ukanyong'onyea kama mrija wa juisi unaovutwa na mtoto. Moshi ukakosa njia, presha ikajaa ndani ya injini, sili ya krenki ikaanza kutema oili sakafuni. Chukua mpira wa oili unaohimili kuvutwa, tundu lake lisiwe dogo kuliko la mpira uliotoka na gari, na usiulaze ukaacha tumbo katikati maana oili itatuama hapo. Kopo lenyewe likae mbali na tabo, mahali mkono unafika.

Kupima, washa gari, iache kwenye sailensa, fungua kifuniko cha kumwagia oili, vesha pale glovu ya mpira ya hospitali. Vidole vikinywea kidogo kuingia ndani mambo safi. Glovu ikisimama kama inakusalimia, kuna mahali pameziba, zima utafute.

Mwaga kopo la kwanza baada ya kilomita 1,000 ujue gari yako inatoa kiasi gani, baada ya hapo kila unapobadili oili, na oili yenyewe usivuke 5,000 wala usiijaze kupita alama ya stiki. Likijaa linavutwa lote kwa mkupuo, moshi wa bluu hadi jirani anatoka nje. Dar kinachotoka ni oili nyeusi inayonuka petroli, ila nilipokaa Njombe mwezi wa saba kilitoka kama chai ya maziwa, nikadhani gasketi ya silinda imekufa. Ni umande tu wa baridi umechanganyika na oili, huko mwaga mara mbili zaidi. Usimwage uani, kichanganye na oili chafu umpe fundi.