Roulage amekusimamisha Lubumbashi: namna ya kumaliza kosa dogo kwa karatasi na kurudi nyumbani na permi yako

Kazi yangu ni kusimamia magari na madereva, kazi ambayo hapa kwetu inaitwa chef charroi. Dereva mpya simpi funguo kabla sijakaa naye. Sehemu kubwa ya mazungumzo yetu haihusu breki wala mafuta. Inahusu namna ya kusimama mbele ya roulage, yaani polisi wa barabarani, pale Place de la Poste, kwenye chaussée Laurent-Désiré Kabila au njia ya Kasumbalesa, asipoteze permi (leseni ya kuendesha) wala asitoe hela isiyo na risiti. Haya ndiyo ninayomwambia.

Tuanze na habari ya pointi, maana wenye ndugu Ulaya huniuliza kila mara. Ufaransa, tangu 1992, permi ina pointi 12: ukipita taa nyekundu unakatwa 4, ukishika simu mkononi huku unaendesha unakatwa 3. Code de la route yetu, yaani sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, haina hesabu hiyo. Kosa la Lubumbashi halikati pointi za mtu yeyote. Lakini usishangilie mapema, kwa sababu kwetu kinachoondoka ni permi yenyewe. Inaingia mfukoni mwa mtu, huachiwi karatasi yoyote, na kesho yake hujui umfuate nani. Ndiyo maana kila hatua hapa chini inatafuta kitu kimoja: maandishi.

Hatua ya 1: Kabla ya kuwasha gari

Karatasi za kubeba unazijua: permi, carte rose (kadi ya umiliki wa gari), bima, vignette (kodi ya gari), contrôle technique (ukaguzi wa gari), na kwa taxi na mabasi, autorisation ya transport. Kinachowaponza watu ni tarehe. Andika kwenye simu yako siku kila karatasi inapoisha, na simu ikukumbushe wiki mbili kabla. Makosa mengi madogo ninayoyaona yanatokana na karatasi iliyoisha juzi, wala hayahusu uendeshaji.

Bima ya kuwalipa wengine unaowaumiza ni lazima tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973. Zamani SONAS, kampuni ya bima ya Serikali, ilikuwa peke yake, lakini sheria ya 2015 ilifungua soko na sasa makampuni ni mengi. Kwa hiyo usinunue cheti kwa mtu wa barabarani. Nunua kwenye ofisi ya kampuni yenye ruhusa ya ARCA, mamlaka inayosimamia bima, na utunze risiti. Cheti cha uongo hakimalizwi kama kosa dogo.

Piga picha ya kila karatasi, permi pande zote mbili. Siku permi ikichukuliwa, bila nambari yake huna la kueleza ofisini.

Kisha zunguka gari. Taa za breki, indiketa, honi, triangle, kizima moto. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu linafunika plaque mpaka herufi hazisomeki, na hiyo ni sababu tosha ya kusimamishwa. Weka kitambaa chenye maji chini ya kiti, uipanguse asubuhi, na ukirudi kutoka Likasi uipanguse tena. Wanaotoka Zambia nao wana jambo lao: kule wanaendesha kushoto, huku kulia, na magari mengi yanayoingia yana usukani wa kulia. Ukishavuka Kasumbalesa, simama kidogo, upumzike, ndipo uingie barabarani.

Hatua ya 2: Umesimamishwa

Washa indiketa, sogea pembeni kabisa, zima injini. Funguo zitoe wewe mwenyewe uzitie mfukoni, ili pasiwe na mkono wa mtu mwingine unaopita dirishani kuzichomoa. Shusha kioo. Milango ibaki imefungwa.

Salimia kwanza. «Jambo, shefu.» Mtu amesimama juani tangu asubuhi, na salamu yako itabadilisha sauti atakayokujibu nayo. Akisema «Papa, leta documents», mpe moja moja anayoitaja, usimkabidhi bahasha nzima. Kisha uliza kwa utulivu: «Shefu, naomba uniambie kosa langu ni lipi.» Unyamaze. Wengi wanaharibu hapa: hawajaambiwa kosa, wao wanaanza kuomba msamaha, na wakati mwingine wanajitajia kosa ambalo askari mwenyewe hakuliona.

Akitaka kuingia ndani ya gari ili «mkazungumze mbele», mjibu kwa heshima: «Shefu, tuzungumze hapa hapa, nakusikiliza.» Kosa lililotokea hapa linaandikwa hapa. Gari likishaondoka na mtu ndani, mashahidi wamebaki nyuma, na bei nayo inapanda kila mnapokata kona.

Usipige kelele, usimtaje mjomba wako mkubwa wa jeshi, usimsukumie simu usoni. Kama una abiria mtu mzima, mwombe asikilize tu. Huyo anatosha kuwa shahidi.

Hatua ya 3: Jua unaongea na nani

Si kila aliyevaa sare anaweza kukuandikia. Anayeandika procès-verbal (PV), yaani taarifa rasmi ya kosa, na kukupendekezea faini ni OPJ, ofisa wa polisi ya mahakama, naye ana kadi yake. Wengine pale barabarani wanasaidia tu: wanaongoza magari, wanasimamisha, wanamwita mkubwa. Uliza hivi: «Shefu, OPJ ni nani hapa? Naomba aniandikie PV.»

Sentensi hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Kama kosa lipo kweli, OPJ ataitwa. Kama halipo, mara nyingi utarudishiwa karatasi zako na kuambiwa uende. Lakini iseme kama ombi. Ukiisema kwa kejeli, umemlazimisha mwenzako alinde heshima yake mbele ya watu.

Hatua ya 4: Soma PV kabla ya kalamu kugusa karatasi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi na madereva wangu, kwa sababu PV inaandikwa kwa Kifaransa, kwa haraka, mara nyingi juu ya boneti ya gari.

Angalia mahali na saa. «Avenue Lumumba» haitoshi kama ulikuwa kwenye kona fulani. Omba kona iandikwe. Angalia nambari ya plaque, herufi kwa herufi. Angalia kosa lenyewe: litajwe moja kwa moja, kwa mfano kusimamisha gari mahali palipokatazwa. Maneno mapana kama «kutoheshimu sheria za barabarani» yanaweza kubeba chochote baadaye. Angalia kama karatasi zako zilizochukuliwa zimetajwa humo, kila moja na nambari yake. Mwisho, tazama chini kabisa. PV ya OPJ hufungwa kwa kiapo cha maandishi: «Je jure que le présent procès-verbal est sincère», yaani anaapa kwamba aliyoyaandika ni ya kweli. Kisha jina na sahihi yake. Karatasi isiyo na kiapo wala jina, mtu anaweza kuikana kesho.

Kama Kifaransa chako si kizuri, sema wazi: «Shefu, naomba unisomee kwa Kiswahili.» Si aibu. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba, na kifungu cha 18 cha Katiba hiyo kinasema aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa.

Hukubaliani na kilichoandikwa? Omba maelezo yako yaandikwe ndani ya PV hiyo hiyo: taa ilikuwa imezimika, kibao kilikuwa kimefunikwa na mti, ulikuwa unampisha ambulensi. Ukikataliwa, usitie sahihi, na uombe iandikwe kwamba umekataa na sababu yake. Ukirudi ndani ya gari, andika palepale yote unayokumbuka na upige picha ya kona, ya kibao, ya mstari uliofutika. Kibao kinaweza kusafishwa wiki ijayo, nawe ukakosa ushahidi.

Hatua ya 5: Kulipa

Kosa ni lako na ni dogo? Lipa uende kazini. Njia ya sheria inaitwa amende transactionnelle. OPJ anapendekeza kiasi, wewe unakubali, na fedha zinaingia Hazina ya Serikali. Msingi wake ni kifungu cha 9 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya tarehe 6 Agosti 1959. Ukishalipa, kesi inazimika, isipokuwa parquet, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, iamue kufuatilia. Kwa kosa la kuegesha vibaya au taa moja iliyoungua, mambo huishia hapo.

Neno la kushika ni Hazina. Fedha haziendi mkononi mwa OPJ. Unapewa note de perception, karatasi inayoonyesha kiasi cha kulipa, unaipeleka benki, benki inakupa uthibitisho, unarudi nao kuchukua karatasi zako. Linganisha kiasi kilicho kwenye note na kile ulichotajiwa barabarani. Soma pia tarehe ya mwisho ya kulipa, maana ucheleweshaji unageuza deni dogo kuwa kubwa. Uthibitisho wa benki ufanyie nakala mbili, moja ikae ndani ya gari pamoja na PV, kwa sababu kizuizi kinachofuata kinaweza kukuuliza kosa lile lile.

Najua unachowaza: safari hizi zote kwa kosa la dakika moja, wakati matabishi, ile hela ya chini ya meza, yangemaliza kila kitu palepale. Nalisikia hilo kila wiki, na namwelewa anayelisema, hasa dereva wa taxi ambaye lazima ampelekee mwenye gari versement, hela ya siku, jioni. Lakini matabishi hayamalizi kitu. Kosa linabaki, karatasi iliyoisha inabaki imeisha, na kwenye rond-point inayofuata unaanza upya na mtu mwingine. Baada ya mwezi gari lako linajulikana kwa plaque yake kama gari linalotoa. Pia sheria ya tarehe 29 Machi 2005 kuhusu rushwa inamwadhibu anayetoa na anayepokea. Mimi madereva wangu siwarudishii hela iliyotoka bila risiti, na wanalijua hilo tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 6: Kama permi au gari vimechukuliwa

Usiondoke pale bila maandishi yanayosema nani amechukua nini, saa ngapi, na kinapelekwa wapi. Hata nusu ukurasa wenye jina na sahihi ni bora kuliko ahadi ya «njoo kesho, uliza shefu». Kama ni gari, piga picha pande zote nne, kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi na vilivyomo ndani: gurudumu la akiba, jeki, redio. Omba navyo viandikwe. Fourrière, yadi ya magari yaliyokamatwa, ina magari mengi, na kurudisha jeki ambayo haikuandikwa popote ni kazi ngumu mno.

Nenda siku ile ile au kesho yake asubuhi. Valia vizuri, beba nakala zako, uanze kwa aliyeandika PV, ndipo upande kwa mkubwa wake. Karatasi iliyokaa muda mrefu kwenye droo ya watu inapotea.

Hatua ya 7: Kupinga

Ukiona umeonewa, usilipe kwanza ndipo ulalamike. Kulipa amende transactionnelle ni kukubali njia hiyo. Sema hukubali, faili iende parquet, na kutoka huko inaweza kufika tribunal de paix, mahakama ya makosa madogo. Peleka picha zako, maelezo uliyoyaandika siku ile na jina la shahidi. Kwa faini ndogo sana, nakushauri upime: siku mbili za kazi zilizopotea zinaweza kuzidi faini. Lakini kama ni permi ya dereva anayeishi kwa permi hiyo, pigana.

Na kama mtu wa sare alikudai hela bila PV, polisi wetu kwa makosa yao wanahukumiwa na mahakama za kijeshi. Malalamiko dhidi yake unaweza kuyapeleka auditorat militaire, ofisi ya waendesha mashtaka wa kijeshi. Andika siku, saa, kona, jina au matricule (nambari yake ya kazi) kama uliviona. Malalamiko yasiyo na kona wala saa hayana pa kuanzia.

Wenye pikipiki, hatua ni zile zile. Ongezeni kofia mbili, yako na ya abiria, na carte rose isiwe ya mtu aliyewauzia pikipiki miaka mitatu iliyopita. Badilisheni jina mapema, maana bila hivyo hamtaweza kuonyesha kwamba pikipiki ni yenu.

Yote haya ni kwa kosa dogo. Pakiwa na mtu aliyeumia, acha mwongozo huu: zima gari, msaidie majeruhi apelekwe hospitali, usihamishe magari kabla vipimo havijachukuliwa, mpigie aliyekupa bima, na usitie sahihi makubaliano yoyote pembeni ya barabara hata kama familia zote mbili zinayataka. Ukiwekwa ndani, polisi hawaruhusiwi kukushikilia zaidi ya saa 48 bila kukupeleka kwa parquet, nawe una haki ya kumpigia ndugu au wakili mara moja. Nambari zao ziandike kwenye kipande cha karatasi kikae nyuma ya permi, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kinachochukuliwa.