Kufunga traksheni ya Buck kwa paja lililovunjika

Majeruhi wa bodaboda aliyevunjika paja anapofikishwa Moshi kutoka Himo au Rombo, kinachomtesa zaidi ni misuli: inajikaza, vipande vya mfupa vinapandana, mguu unafupika. Gurdon Buck (1807–1877), daktari mpasuaji wa New York aliyekuja pia kukarabati nyuso za askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 aliutangaza ufumbuzi wake, traksheni, yaani kuuvuta mguu unyooke: plasta ya kubandika, na kamba inayopita juu ya kapi miguuni pa kitanda hadi kwenye uzito. Wodini bado unatumika, ila kwa mtu mzima ni wa kumtuliza akisubiri upasuaji.

Mpe kwanza dawa ya maumivu. Kagua ngozi na mapigo ya unyayo, mwambie anyanyue kidole gumba cha mguu, andika. Mguu wenye kidonda, malengelenge au ubaridi usiufunge, mwite daktari.

Plasta ishuke upande mmoja wa mguu, ipite chini ya unyayo, ipande upande wa pili. Acha kitanzi cha sentimita 10 chini ya unyayo, na ndani yake kibao kipana kuliko vifundo, chenye tundu la kamba. Vifundo viwekee pamba. Mwenzako auvute mguu polepole huku unabandika bila mikunjo, maana mkunjo huzaa lengelenge. Zungusha bandeji kutoka juu ya vifundo kwenda juu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Nje ya mguu, chini kidogo ya goti, neva (mshipa wa fahamu) inapita juu kabisa ya fibula, mfupa mwembamba wa nje ya mguu. Bandeji ikipabana, unyayo unalegea, na huenda usinyanyuke tena hata mfupa ukiunga. Komea chini ya hapo.

Uzito usizidi kilo 5, wala sehemu moja ya kumi ya uzito wa mgonjwa. Zaidi ya hapo ngozi inabanduka. Pasipo vyuma, dumu lenye lita 3 za maji ni kilo 3. Lining'inie huru: likigusa sakafu, hakuna mvuto. Upande wa miguuni wa kitanda uinuliwe kwa matofali sentimita 15 hadi 20, la sivyo mgonjwa atateleza mpaka kibao kigonge kapi. Kisigino kisiguse godoro.

Rudia vipimo vya mwanzo kila baada ya saa chache, na ngozi uifungulie kila siku. Ndugu wanaoleta mtori waambiwe mapema: wakimsogeza mgonjwa, dumu lisiinuliwe. Maumivu yakizidi vidole vinaponyooshwa, legeza bandeji papo hapo, mwite daktari.