Kupe ughaibuni: kumkwepa, kumng'oa, na kusikilizwa na daktari ukiwa na ngozi nyeusi

Wengi wetu tulikua tukimjua kupe kama adui wa ng'ombe na mbwa. Anaonekana kwenye sikio la mnyama, anang'olewa, anapondwa, kazi imekwisha. Kisha unahamia Marekani, Ujerumani au Sweden, majira ya joto yanaingia, watoto wanataka kwenda kucheza msituni na wenzao, na hakuna anayekumbuka kukuambia kwamba huku kupe anamwinda binadamu pia. Wenyeji walifundishwa tangu chekechea. Mgeni hujifunza siku anapomkuta kupe amejichimbia pajani mwake.

Lipo jambo la pili, na ndilo lililonifanya niandike. Picha nyingi mno za kuonyesha dalili za ugonjwa wa Lyme, ugonjwa mkuu wa bakteria unaoletwa na kupe huku, zina duara jekundu juu ya ngozi nyeupe. Ngozi yetu haionyeshi hivyo. Mtu anautazama mguu wake, haoni duara la kwenye picha, anajiambia hana kitu. Daktari aliyezoea ngozi nyeupe naye anaweza kupita hapohapo bila kuona. Nitaanza na kujikinga, lakini uzito wa maneno yangu uko pale utakapokaa mbele ya daktari.

Anakaa wapi na anakudandia vipi

Kupe haruki, hana mabawa, wala haangukii watu kutoka juu ya miti, ingawa wengi huamini hivyo. Hupanda jani la nyasi au kijiti kifupi, akajishikiza kwa miguu ya nyuma na kuinyoosha ile ya mbele hewani. Kwenye miguu hiyo ya mbele ana kiungo kinachonusa pumzi unayoitoa na kuhisi joto la mwili wako. Ukipita ukaligusa jani lake, anadaka nguo. Baada ya hapo hupanda mwilini polepole akitafuta mahali penye joto, unyevu na ngozi laini, ndiyo maana aliyedakia kwenye soksi hukutwa kinenani au kwapani.

Kwa hiyo katikati ya njia pana iliyofyekwa hakuna hatari kubwa. Hatari iko ukingoni: pale nyasi ndefu zinapokutana na msitu, kwenye majani makavu yaliyorundikana, kwenye gogo unalokalia upumzike, hata kwenye bustani ya nyuma ya nyumba. Kama una bustani inayopakana na miti, fagia majani makavu, fyeka nyasi, na weka ukanda wa vipande vya mbao au kokoto wenye upana wa kama mita moja kati ya nyasi na msitu. Kupe hapendi kuvuka mahali pakavu.

Anayeambukiza watu wengi zaidi si yule kupe mkubwa tunayemjua. Ni kupe mchanga, mdogo kuliko punje ya ufuta, anayejaa kuanzia mwishoni mwa majira ya kuchipua hadi katikati ya kiangazi, yaani Mei, Juni na Julai kwa nchi za kaskazini. Anapong'ata husikii maumivu, kwa kuwa mate yake yana vitu vya kutia ganzi. Kupe wakubwa huibuka tena majira ya vuli, na hata katika miezi ya baridi wanaweza kutoka siku joto likipanda kupita nyuzi 4 hivi. Theluji ya kwanza haiwamalizi.

Marekani, mbebaji wa Lyme ni kupe mwenye miguu myeusi, na amejaa zaidi majimbo ya kaskazini-mashariki kama Connecticut, New York, Pennsylvania na Maine, pamoja na Minnesota na Wisconsin. Amesambaa pia kusini mwa Ontario na Quebec, na Nova Scotia. Ulaya yupo ndugu yake, anayepatikana kuanzia Ireland na Uingereza hadi Urusi. Bakteria wa Lyme kupe huwapata hasa kwa panya wa porini na wanyama wengine wadogo. Kulungu humlisha na kumsafirisha, lakini si yeye anayemwambukiza.

Kabla ya kutoka

Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi haipendezi machoni, lakini inafanya kazi. Inamlazimisha kupe kupanda kwa nje, mahali unapoweza kumwona. Ndiyo sababu ya kuchagua nguo za rangi nyepesi pia.

Dawa ya kufukuza kupe ya kupaka kwenye ngozi tafuta iliyoandikwa DEET ya asilimia 20 hadi 30, au pikaridini ya asilimia 20. DEET isitumike kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, na mafuta ya mkaratusi wa limau, ambayo nayo hufukuza wadudu, yasipakwe mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Usimpake mtoto viganjani, kwa kuwa mikono huishia mdomoni. Kama unapaka pia mafuta ya kukinga jua, hayo ndiyo yatangulie, dawa ya wadudu ije juu yake.

Kwa anayeingia msituni mara kwa mara, ningemshauri zaidi permethrini ya asilimia 0.5. Hii ni ya kupulizia viatu, soksi na suruali, kamwe si ya ngozi. Ipulize nje ya nyumba, uache nguo zikauke kabisa kabla ya kuvaa. Inaua kupe anayetembea juu ya kitambaa, na huendelea kufanya kazi hata baada ya kufua mara kadhaa. Ikiwa mbichi ni sumu kali kwa paka, kwa hiyo wenye paka wamwondoe kwanza.

Ukirudi nyumbani

Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa sababu wamechoka. Lakini kwa Lyme saa zina maana kubwa. Bakteria hukaa tumboni mwa kupe, na kwa kawaida huhitaji zaidi ya saa 24 za kunyonya ndipo wafike kwenye damu yako. Ukimwondoa jioni ileile, mara nyingi umeuzuia ugonjwa.

Vua nguo uziingize moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia, kwa moto mkali, dakika 10. Ndiyo, kabla ya kuzifua. Kupe huvumilia maji ya kufulia yenye uvuguvugu, lakini ukame wa joto humuua haraka. Nguo zikiwa na unyevu zitahitaji muda zaidi. Kisha oga, ikiwezekana ndani ya saa mbili tangu uingie, maana maji huwaondoa wale ambao bado hawajajishikiza.

Halafu kagua mwili kwa kioo, au mkaguane wawili: kwapani, kitovuni, kiunoni pale mkanda unapobana, kinenani, nyuma ya magoti, katikati ya vidole vya miguu, nyuma ya masikio na ndani yake. Kichwani wape watoto muda wa kutosha. Kwenye nywele zilizosukwa pitisha ncha za vidole taratibu kufuata kila mstari, ukingoni mwa nywele na kisogoni, kwani kwenye kichwa cheusi kupe mweusi hagunduliwi kwa macho, hugunduliwa kwa kupapasa. Ngozi nyingine nayo ina vidoti na masundosundo mengi. Kidoti kipya ambacho hakikuwepo jana kitazame kwa tochi ya simu kama kina miguu.

Kumng'oa

Chukua kibano chenye ncha nyembamba. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, pale kichwa kilipoingia, si tumboni, kwa sababu ukilibana tumbo unaweza kumkamulia yaliyomo ndani yako. Mvute juu moja kwa moja, kwa nguvu ileile bila kumshtua. Atashikilia kidogo kisha ataachia. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kwa kibano, kiache. Ngozi itakisukuma yenyewe, na kuchokonoa kwa sindano kunaleta jeraha tu.

Usimpake mafuta, vaselini, rangi ya kucha wala mafuta ya taa, na usimchome kwa kiberiti. Mbinu hizi zimezoeleka, na zinafanya madhara mawili: zinamchelewesha kutoka, na zinaweza kumfanya atapike ndani ya jeraha.

Osha mahali hapo na mikono yako kwa sabuni au spiriti. Kupe usimponde kwa kucha. Mpige picha ya karibu, mtumbukize kwenye spiriti au mgandishe kwenye selotepu, na uandike tarehe kwenye simu pamoja na mahali ulipokuwa. Maandishi hayo ya mstari mmoja yatakufaa baadaye.

Kama uko eneo lenye Lyme, kupe ni wa aina inayobeba ugonjwa huo, na amenyonya saa 36 au zaidi (ukimwona amevimba ni ishara), daktari wa Marekani anaweza kukupa dozi moja ya kinga ya antibiotiki iitwayo doksisaiklini, miligramu 200 kwa mtu mzima, mradi hazijapita saa 72 tangu umtoe. Nchi nyingine zina taratibu zake, lakini kuuliza siku hiyohiyo hakugharimu kitu. Uingereza piga 111, Ujerumani nje ya saa za kazi piga 116117.

Duara ambalo halionekani jekundu

Kidonda kidogo kinachowasha siku ya kwanza au ya pili na kutoweka baada ya siku chache ni hasira ya ngozi tu. Baka la Lyme hutokea kati ya siku 3 na 30 baada ya kung'atwa, mara nyingi karibu na siku ya 7. Hutanuka siku hadi siku na kupita sentimita 5. Huenda likawa na joto, lakini kwa kawaida haliwashi sana wala haliumi. Hutokea kwa wagonjwa 70 hadi 80 katika kila 100, kwa hiyo wapo wanaougua bila baka lolote.

Kwenye ngozi nyeusi baka hilo huweza kuonekana kama alama ya kuvilia damu: zambarau, kahawia iliyokolea, au weusi uliozidi wa pembeni, na mduara wake haujitokezi wazi. Usitegemee rangi. Tegemea ukubwa. Zungushia ukingo wake kwa kalamu ya wino leo, kesho utazame kama limevuka mstari. Piga picha kwenye mwanga wa dirishani, si wa taa. Pitisha mgongo wa mkono usikie kama pana joto kuliko pembeni.

Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba wagonjwa Weusi hugunduliwa wakiwa wamechelewa zaidi, mara nyingi ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye viungo au neva. Uzembe wa mgonjwa hauielezi tofauti hiyo. Baka halikutambuliwa. Kwa hiyo usiingie kwa daktari na kusema tu "nina homa na mwili unauma." Sema hivi: niling'atwa na kupe tarehe fulani, au nilikuwa msituni tarehe fulani, na baka hili limekua kutoka hapa hadi hapa kwa siku kadhaa. Mwonyeshe picha na mstari wa kalamu. Akisema ni chubuko, mwombe aeleze kwa nini chubuko linatanuka. Akikuambia kipimo cha damu hakijaonyesha kitu, kumbuka kwamba kipimo hicho hutafuta kinga za mwili, na hizo huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Baka la Lyme linatosha kuanza tiba bila kusubiri maabara.

Ugonjwa wenyewe uligunduliwa kwa ung'ang'anizi wa namna hiyo. Mwaka 1975 akina mama wa Lyme, mji mdogo wa Connecticut, walikataa kuambiwa kwamba watoto wao waliovimba magoti wamepatwa tu na baridi yabisi, wakapiga simu hadi wakasikilizwa. Mwaka 1981 mtafiti Willy Burgdorfer akawaona bakteria wa ugonjwa huo ndani ya kupe.

Tiba ya mapema ni nyepesi: doksisaiklini au amoksisilini ya kumeza, kwa siku 10 hadi 14 Marekani, na 21 Uingereza. Maliza dozi yote. Ukichelewa huweza kupooza upande wa uso, mapigo ya moyo yakavurugika, au goti likajaa maji. Uso ukipinda ghafla au ukizimia, nenda hospitali papo hapo.

Homa bila baka

Homa kali na kichwa kuuma baada ya kutoka porini hakuhitaji baka ili kuwe hatari. Marekani ipo homa ya madoa ya Milima ya Rocky, inayopatikana sana, licha ya jina lake, North Carolina, Tennessee, Missouri, Arkansas na Oklahoma. Vidoa vyake huchelewa siku kadhaa, na kwenye ngozi nyeusi huonekana kwa shida. Inaua haraka, na tiba ni doksisaiklini hata kwa watoto, ianzwe ndani ya siku tano za mwanzo. Kupe wa Lyme hubeba pia vimelea vya babesia, ambavyo chini ya darubini hufanana na vya malaria. Kama ulisafiri karibuni, mtajie daktari safari na kupe kwa pamoja, asije akashika kimoja akaacha kingine.

Na mtu akianza kuvimba midomo au kutokwa na vipele saa mbili hadi sita baada ya kula nyama ya ng'ombe, mbuzi au nguruwe, wakati zamani hakuwa na shida nayo, aulize kuhusu mzio wa nyama unaosababishwa na kung'atwa na kupe mwenye doa jeupe mgongoni, wa kusini na mashariki mwa Marekani.

Ulaya ya kati na kaskazini kuna virusi vya kupe vinavyoshambulia ubongo: Austria, Uswisi, kusini mwa Ujerumani, Cheki, nchi za Baltiki, na maeneo ya Stockholm. Virusi hivi viko kwenye mate ya kupe, hivyo hupita ndani ya dakika chache, na kumng'oa mapema hakukuokoi kama kwenye Lyme. Dawa ya kuviua haipo, lakini chanjo ipo. Ni dozi tatu, mbili za mwanzo zikipishana mwezi mmoja hadi mitatu, hivyo aanzaye wakati wa baridi anakuwa tayari kupe wanapotoka. Lyme haina chanjo iliyoko sokoni kwa binadamu, na kuugua mara moja hakukupi kinga: aliyepona mwaka huu anaweza kuambukizwa tena mwakani kwenye njia ileile, kwa hiyo kioo na tochi virudi kazini kila jioni ya matembezi.