Kutafuta kwa Mitambo Mbalimbali Kutoka Upau wa Anwani

Watumiaji wengi wa Chrome huandika neno katika upau wa anwani, hupata matokeo ya Google, kisha huanza kuyapekua ili waifikie Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ndiyo waliyoikusudia tangu awali. Mzunguko huo unaepukika, kwa kuwa kivinjari kinaweza kuongezewa mitambo mingine ya kutafuta, kila mmoja ukiwa na jina lake fupi. Maelezo haya ni ya kompyuta. Chrome ya simu hairuhusu kuongeza mtambo kwa njia hii.

Hatua ya 1: Ipate anwani ya utafutaji. Fungua sw.wikipedia.org, andika katika kisanduku cha kutafutia neno lisilo na maana, kwa mfano zzkaranga, kisha ubonyeze Enter. Neno la ovyo linahitajika kwa sababu ukiandika neno lenye makala yake, kama vile Zanzibar, utapelekwa moja kwa moja kwenye makala hiyo na anwani ya utafutaji haitaonekana. Sasa itazame anwani iliyo juu: ndani yake utaliona neno lako. Mahali pake weka %s, ambayo ni alama inayokiambia kivinjari kwamba maneno ya mtafutaji yaingie hapo. Mkia unaoanza na & unaweza kuukata, ubaki na hii:

https://sw.wikipedia.org/w/index.php?search=%s

Hatua ya 2: Isajili. Andika chrome://settings/searchEngines katika upau wa anwani, ushuke hadi sehemu ya utafutaji wa tovuti, ubofye kitufe cha kuongeza. Jaza jina lolote, njia ya mkato (lile jina fupi la kuuita mtambo), na anwani uliyoiandaa, kisha uhifadhi.

Katika njia ya mkato ndipo panapohitaji busara. Ukichagua neno la kawaida kama "wa" au "kwa", siku utakapoanza sentensi kwa neno hilo na kugusa kitufe cha nafasi, kivinjari kitadhani unaita mtambo. Mimi hupendelea herufi zisizounda neno, kama "wks".

Hatua ya 3: Itumie. Andika wks, bonyeza Tab, andika karafuu, kisha Enter.

Kwa DuckDuckGo, anwani ni https://duckduckgo.com/?q=%s. Mtambo huo una pia amri zake zinazoanza kwa alama ya mshangao: !w hukupeleka Wikipedia. Ni amri nzuri, ila swali lako hupita kwanza DuckDuckGo, ilhali njia ya mkato uliyoisajili mwenyewe huenda moja kwa moja.

Watumiaji wa Firefox wana kazi ndogo zaidi, kwani njia za mkato @wikipedia na @bing kwa kawaida huwa tayari. Kwa tovuti nyingine, hifadhi alamisho yenye anwani ya %s, kisha uifungue katika kidhibiti cha alamisho na kuipa neno lake la kuiita.