Somo: Sauti ikikupwelea, fanya hivi (someni kabla ya kuuliza)

Assalaam alaykum. Kila ukifika Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, na kila skuli zikifunguliwa, napata ujumbe ule ule: "Mwalimu, sauti imekwenda, ninywe nini?" Wiki hii peke yake nimewajibu watu 11. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza nitamrejesha hapa.

Mimi si daktari. Ni mwalimu wa skuli ya msingi huku Wete, Pemba, na msomaji wa kasida. Niliipoteza sauti yangu kwa miezi, na mengi ya humu nimefundishwa na walionisaidia kuirudisha.

Kwanza lijueni hili. Ndani ya zoloto, pale panapopanda na kushuka ukimeza mate, mna nyuzi mbili za nyama. Ukivuta pumzi zinaachana. Ukisema zinakutana na kutikisika, kiasi cha mara 100 kwa sekunde kwa mwanamume na 200 kwa mwanamke. Zikivimba hazikutani sawasawa, pumzi inapenya katikati, na sauti inatoka ya kukwaruza au haitoki kabisa. Nyuzi hizo zimo kwenye njia ya pumzi, si njia ya chakula. Unachokimeza hakizifikii, na kikizifikia utapaliwa. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yako yamekwisha.

Hatua ya 1. Jiulize ilianzaje. Ikiwa imekuja na mafua, kwa kawaida ni virusi, na huondoka wenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Ikiwa umetoka kupiga kelele mpirani Gombani au kuimba harusi mbili mfululizo, umezichosha nyuzi. Ikiwa ilikatika ghafla, katikati ya ukelele au wimbo, huenda kimshipa cha damu kimepasuka kwenye uzi. Huyo anyamaze saa hiyo hiyo, asijinunulie aspirini ya maumivu kwa sababu inazidisha kuvuja damu, na aende hospitali. (Uliyepewa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumuuliza.)

Hatua ya 2. Kunywa maji, kidogo kidogo, kutwa nzima.

Hatua ya 3. Acha sigara na shisha, na ukae mbali na moshi wa kuni.

Hatua ya 4. Nyamaza.

Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Mfungo Sita wa 2017 nilipata mafua, sauti ikanipwelea. Darasa langu lilikuwa na watoto 74, na usiku tuna maulidi. Nikajiambia nimeipumzisha: mchana nafundisha kwa kunong'ona, usiku sisomi, naitikia tu. Nikaenda hivyo siku tisa. Kunong'ona si kunyamaza. Wengi wetu tukinong'ona ili watu wasikie huwa tunalikaza koo zima, na nyuzi zilizovimba zinabanwa pale zilipotakiwa kulegea. Tena kila baada ya muda nikawa nakohoa kusafisha koo, kumbe kila kikohozi kinazigonganisha kwa nguvu. Siku ya kumi jirani, kwa huruma yake, akaniletea mafuta ya karafuu. Nikayatia kwenye maji moto, nikasukutua, nikameza. Ulimi na kaakaa vikababuka, nikashindwa hata kula uji. Sauti haikurudi.

Nilikaa karibu miezi mitatu nikisema itapona. Mwishowe nikavuka kwenda Unguja kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akanipitishia kamera nyembamba puani na kunionyesha: vinundu viwili, kimoja kila upande, vinatazamana, mfano wa sugu kwenye kiganja cha mvuta kasia. Nililia pale pale kwa hofu ya saratani. Haikuwa saratani. Wala hakunipasua, kwa sababu vinundu vya aina ile mara nyingi hulainika mtu akibadili anavyoitumia sauti na akifanya mazoezi. Lakini nilimaliza miezi minne mingine kabla ya kusoma tena beti moja bila kukatika.

Kwa hiyo siku mbili au tatu kaa kimya cha kweli. Andika kwenye simu. Usinong'one. Usikohoe kusafisha koo, meza mate au funda la maji. Usipige soga ndani ya daladala au botini, maana utashindana na mashine bila kujijua. Na usiitikie kasida, hata kwa sauti ya chini. Baada ya siku hizo zungumza kidogo, kwa sauti yako ya kawaida, na mtu aliye karibu nawe.

Hatua ya 5. Mvuke wa maji matupu, dakika chache, unafariji. Usitie mafuta wala majani. Na mtoto asiinamishwe kwenye sufuria ya maji yanayochemka, watoto wanaungua hivyo.

Hatua ya 6. Usinunue antibayotiki dukani. Haziui virusi. Chai ya tangawizi na asali inywe, inapunguza kuwasha kooni, ila usidhani inaosha nyuzi. (Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa.)

Hatua ya 7. Sauti ikianza kurudi, tumia mrija. Jaza glasi maji nusu, chovya mrija kina cha vidole viwili, kisha toa "uuu" laini kupitia mrija mpaka maji yatoe mapovu. Dakika tano, mara nne au tano kwa siku. Mdomo ukizibwa nusu namna hiyo, pumzi inarudisha msukumo mdogo kwa chini, na nyuzi zinatikisika bila kupigana sana. Ukihisi koo linauma, unasukuma mno.

Hatua ya 8. Zikipita wiki tatu bila nafuu, nenda hospitali zoloto likatazamwe. Anzia Wete, Chake au Abdulla Mzee Mkoani, uombe barua ya rufaa kwa daktari wa koo. Usingoje hizo wiki tatu ikiwa unapumua kwa shida, unakohoa damu, una uvimbe shingoni, chakula kinakwama, au sauti imepotea baada ya kupasuliwa rovu (tezi ya shingoni iliyovimba), maana mshipa wa fahamu wa nyuzi unapita nyuma ya tezi hiyo. Na kikohozi kikizidi wiki mbili, kapime makohozi. Kifua kikuu nacho kinashika zoloto, na matibabu yake ni bure.

MASWALI

Mkojani: Salamu mwalimu. Sauti imekata tangu juzi. Dawa gani nzuri?

Mwalimu wa Wete: Hatua ya 4.

Mkojani: Nimeona ni refu. Nitajie jina la dawa tu nikanunue.

Mwalimu wa Wete: Dawa ni kunyamaza siku tatu, haiuzwi. Refu hilo limeandikwa kwa ajili yako.

Mzee wa Konde: Mwanangu, mafuta ya karafuu unayatukana bure. Sisi tumelelewa nayo, jino likiuma ndiyo hayo hayo.

Mwalimu wa Wete: Shikamoo mzee wangu. Sijayatukana, na mimi nimekulia chini ya mikarafuu. Kwenye jino yanatiwa tone moja kwa pamba, na yanatia ganzi kweli. Nilichokisema ni kwamba makali yale yanababua ngozi laini ya kinywa, na ukiyameza yanapita njia ya chakula, hayafiki kwenye nyuzi. Nimeungua mimi mwenyewe, sikuhadithiwa.

Mzee wa Konde: Marahaba. Hapo pa pamba tumekubaliana.

Imamu kijana: Mwalimu, nasalisha tarawehe. Kila Ramadhani, kufikia kumi la kati, sauti yangu mbaya sana alfajiri, halafu adhuhuri inakaa sawa. Mafua sina. Ni kiu ya saumu?

Mwalimu wa Wete: Swali zuri hili, ustadhi, na ulivyolieleza ndivyo daktari angependa asikie. Kiu inachangia, lakini sauti inayokuwa mbaya ukiamka na kutengenea baadaye hunifanya nifikirie tindikali ya tumboni. Mtu anakula daku, anarudi kulala na tumbo limejaa, na ile tindikali inapanda mpaka kooni usiku. Si lazima kifua kiungue. Wengine wanahisi tu kama kuna kitu kimekwama kooni, au wanakohoa kohoa. Jaribu hivi: daku iwe ndogo, usilale chali papo hapo, kaa wima baada ya sala ya alfajiri, kama unaweza kwa muda wa saa mbili au tatu, na uinue upande wa kichwani wa kitanda. Punguza urojo wenye pilipili na ndimu usiku, na bajia za mafuta mengi. Maji yagawe tangu futari hadi daku, usiyabugie yote mwisho. Na kipaza sauti cha msikitini kiongezwe, wewe usome kwa sauti ya chini kuliko ulivyozoea. Ikiendelea baada ya Idi, Hatua ya 8.

Imamu kijana: Allah akulipe. Huwa nakula wali wa daku kisha nalala pale pale.

Bint Chwaka: Mie nina pumu, napiga pampu kila siku asubuhi na jioni, na sauti yangu imekuwa nzito. Kuna uhusiano?

Mwalimu wa Wete: Upo, shoga. Ile pampu ya kila siku ya kuzuia inaweza kuiharibu sauti na hata kuleta utando mweupe kinywani. Sukutua na uteme maji kila baada ya kuvuta. Usiiache pampu kwa ajili ya sauti! Mwambie daktari, anaweza kukupa kile kichupa cha kuchomeka kwenye pampu ili dawa ishuke kifuani badala ya kubaki kooni.

Mnadi wa Malindi: Nanadi samaki miaka 20. Sauti hii ya kukwaruza ndiyo kazi yenyewe, ina miezi minne sasa. Nina miaka 52, sigara navuta. Koo haliumi, ila sikio la kulia tu. Nifanye huo mrija?

Mwalimu wa Wete: Kaka yangu, mrija uache. Miezi minne, sigara, na sikio linauma upande mmoja: maumivu ya zoloto yanaweza kusikika sikioni. Sisemi una saratani, huenda ni kinyama tu cha kelele za mnada. Lakini haijulikani mpaka atazame mtu kwa kamera, na saratani ya nyuzi za sauti ikikamatwa mapema wengi wanapona. Wewe uko Unguja, hospitali ni mwendo wa dakika chache. Nenda wiki hii.

Mnadi wa Malindi: Jumatatu, inshaallah.

Mwalimu wa Wete: Nitakuuliza Jumatatu usiku.

Ticha wa Mkoani: Nyongeza kwa walimu wenzangu. Nimeacha kupiga kelele darasani. Napiga makofi matatu, watoto wanajibu mawili, kimya kinaingia. Na nimenunua kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni.

Mwalimu wa Wete: Hiyo ya makofi nimeanza nayo leo, ahsante sana. Mimi huwaweka wenye sauti ndogo mbele, nisisogee sogee kuwasikia.

Mama Nuru: Mwanangu ana miaka mitatu. Sauti imekwaruza tangu mwaka jana, na sasa akivuta pumzi usiku kuna mlio kama filimbi. Bibi yake anasema akatwe kimeo.

Mwalimu wa Wete: Mama Nuru, tafadhali asikatwe kimeo. Kimeo kiko juu, mwisho wa kaakaa, hakihusiki na sauti hii, na kukikata kumewamwagisha watoto damu na kuwapa maambukizi. Sauti ya kukwaruza kwa miezi pamoja na mlio wa pumzi kwa mtoto mdogo kunaweza kuwa vijinyama vinavyoota kwenye nyuzi na kuziba njia ya hewa. Vinatolewa hospitali. Mpeleke kesho asubuhi, na uwaambie kwanza habari ya mlio, kabla ya habari ya sauti. Ukimwona usiku huu ngozi inabonyea chini ya koo au katikati ya mbavu akivuta pumzi, usingoje asubuhi. Mweleze bibi kwa upole, naye anamtakia kheri mjukuu wake.

Mama Nuru: Amelala, anabonyea kidogo pale chini ya koo. Baba yake anatafuta gari sasa hivi.

Mwalimu wa Wete: Nendeni. Mbebe akiwa amekaa, usimlaze. Niandikie mkifika.