Jinsi ya kupendekeza kitabu mtandaoni hadi mtu akitafute

"Kitabu hiki ni kizuri sana, kisomeni." Ujumbe wa namna hii hupata kopa mbili tatu, kisha hakuna anayekwenda kukitafuta kitabu chenyewe. Upande mwingine yuko kijana anayeandika dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi na tamathali za semi kana kwamba msimamizi wa mtihani amesimama nyuma yake. Naye hasomwi. Uhakiki wa fani na maudhui huandikiwa mtu aliyekwisha kukisoma kitabu. Pendekezo huandikiwa mtu ambaye hajakisoma, na swali lake ni moja: kitanifaa mimi?

Kazi huanza ukiwa bado unasoma. Kata kipande cha karatasi, kitumie kama alama ya ukurasa, na juu yake andika mambo matatu: ukurasa kitabu kilipokunasa, ukurasa ulipoanza kuchoka, na sentensi moja uliyoirudia kuisoma kwa sababu ilikupendeza. Bila kumbukumbu hizo, ukifunga kitabu kinachobaki kichwani ni mwisho wake, na mwisho ndio usioruhusiwa kuutaja. Andika pendekezo siku hiyohiyo au kesho yake. Ukikaa wiki mbili, utabaki na "kizuri sana".

Sentensi ya kwanza imtaje msomaji kabla ya kitabu. "Kwa anayependa upelelezi wa kufikiri kuliko wa bastola" humvuta anayehusika, na humwachia asiyehusika apite zake bila kupoteza muda. Maneno yanayomfaa kila mtu, kama "kinafundisha" au "kinasisimua", hayamwambii mtu kitu. Ukiyaona kwenye rasimu yako, yafute na uandike kinafundisha nini, au ni ukurasa gani uliokunyima usingizi.

Kisha eleza hadithi kwa maswali matatu: nani, anataka nini, nini kinamzuia. Simama kabla ya robo ya kwanza ya kitabu kuisha. Kama kina kurasa 160, chochote kinachotokea baada ya ukurasa wa 40 si chako kukisema. Hapa ndipo wengi humwaga mtama bila kujua. "Mwishoni utashangaa" tayari ni siri iliyotoka, kwa sababu msomaji ataanza kumshuku kila mhusika mwema tangu sura ya pili. "Nililia alipokufa rafiki yake" ni baya zaidi. Hata "usimwamini mjomba" ni kosa, na katika hadithi za upelelezi kama za Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, neno moja la hivyo huua kitabu kizima.

Mfano wa pendekezo (idadi ya kurasa, bei na mahali ulipokipata utaongeza mwenyewe mwishoni):

*Siku Njema*, Ken Walibora
Kwa anayependa hadithi za safari na Kiswahili kitamu. Kongowea ni mtoto wa mwimbaji maarufu wa taarabu mjini Tanga. Mama anafariki, baba hamjui, na nyumba anamoachwa inamtesa. Anaamua kuvuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba huyo. Anasimulia mwenyewe, kwa hiyo uchovu wake unausikia kwa karibu. Kuna msamiati utakaokupeleka kwenye kamusi, na mambo kadhaa hutokea kwa bahati mno. Kina kifo cha mzazi na mateso ya mtoto. Longhorn, 1996.

Hayo ni maneno kama 70. Lenga kati ya 60 na 120. Ukizidisha sana, WhatsApp hukunja ujumbe, na wengi hawagusi ili kusoma sehemu iliyobaki. Jina la kitabu liweke kati ya vinyota viwili ili liwe na wino mzito. Ukiacha nafasi kati ya kinyota na herufi, haifanyi kazi na vinyota hubaki vikionekana. Mkitaka kujadili mwisho wa hadithi kwenye Telegram, yazungushie maneno mistari miwili wima kila upande, ||hivi||, nayo hufunikwa hadi msomaji ayaguse. Anayependa ujumbe wa sauti asipite dakika moja, na jina la kitabu aliandike pia, maana sauti haitafutiki baadaye.

Rudi kwenye mfano, uone sehemu ya kasoro. Vijana wengi huiogopa, wakidhani wakitaja udhaifu kitabu hakitasomwa. Kinyume chake, kasoro moja ya kweli ndiyo humfanya mtu aamini sifa ulizotaja kabla yake. Iwe mahususi: "sura tatu za mwanzo zinakwenda polepole" inamsaidia avumilie hadi ya nne. "Kinachosha" haimsaidii.

Onyo kuhusu mambo mazito nalo lina adabu yake: taja jambo, usitaje nani wala lini. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kuzuiwa shuleni hapo mwanzo, ina kipigo cha nyumbani na utoaji mimba. Kusema hivyo hakumharibii mtu hadithi, na mwenye miaka 13 anayesoma kundi moja na wa miaka 18 ana haki ya kujua kabla hajakifungua. Usigeuze onyo kuwa mahubiri.

Mstari wa mwisho ni wa kumsaidia mtu kukipata: mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa, bei uliyolipa na aina ya mahali ulipokipata, iwe dukani, maktaba ya mkoa au kwa wauza vitabu vilivyotumika. Taarifa za uchapishaji hukaa kwenye ukurasa wa hakimiliki, nyuma ya ukurasa wa jina. Hapo pia utaona namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho ya kitabu: kwa vilivyochapishwa tangu 2007 huwa tarakimu 13, kwa kawaida zinazoanza na 978, na vya zamani vina tarakimu 10 bila 978. Kwa vitabu vya Kenya mara nyingi hufuata 9966, vya Tanzania 9976 au 9987. Mwenye duka akipewa namba hiyo hawezi kukuletea mwongozo wa kitabu badala ya kitabu, jambo linalotokea sana kwa riwaya zinazotahiniwa. Unapotaja tukio, taja sura badala ya ukurasa, kwani matoleo tofauti hayalingani kurasa.

Picha ya jalada piga karibu na dirisha, mchana, bila mmweko (flashi), kwa sababu jalada la plastiki hung'aa na kufuta jina. Kabla ya kutuma, angalia kama kuna muhuri wa shule, jina lako au namba ya simu. Wengi huandika hayo ukurasa wa kwanza kisha wakaupiga picha wenyewe. Na mtu mliyejuana mtandaoni akitaka kuazima, mkutane maktaba au dukani, mchana, na mkubwa wa nyumbani ajue.

Picha moja ya sentensi uliyoipenda inatosha. Kutuma PDF ya kitabu kizima kinachouzwa ni kumnyima mwandishi jasho lake, na waandishi wa Kiswahili hawalipwi kiasi cha kuvumilia hilo. Isitoshe, nakala hizo mara nyingi zina kurasa zilizoruka au zilizopigwa zikiwa zimepinda.

Linalobaki ni kujibu wanaouliza "nipeni kitabu kizuri". Usijibu mara moja. Muulize kitabu cha mwisho alichokimaliza, alichokiacha njiani, na ana muda kiasi gani. Alichokiacha hueleza mengi kuliko alichokipenda: aliyeacha riwaya ya kurasa 300 kwa sababu ya Kiswahili kizito umpe hadithi fupi za lugha nyepesi, na aliyeiacha kwa sababu "hakuna kinachotokea" umpe upelelezi hata kama ni mnene. Toa vitabu viwili tu, kimoja cha uhakika na kimoja cha kumtoa kidogo kwenye mazoea yake. Ukimrundikia kumi, atakushukuru na hatasoma hata kimoja.

Akirudi akasema hakukipenda, usikitetee. Muulize aliishia sura gani, kisha mchagulie kinachofuata kwa jibu hilo.