Toulouse hadi La Réole kwa baiskeli, bila magari: maandalizi kwa mwendeshaji wa Tanga

Mtu aliyezoea kutoka Ngamiani hadi Amboni au Tongoni kwa baiskeli tayari ana miguu ya kuzunguka kando ya mito ya Ufaransa. Kinachowashinda wengi ni mambo ya pembeni: njia iliyochaguliwa kwa sifa tu, mzigo mkubwa, na kuamini kwamba ardhi tambarare haichoshi.

Tuanze na njia yenyewe. Ukiona kibao cha "voie verte", hapo magari hayaruhusiwi kabisa. Utakutana na watembea kwa miguu, watoto na waendesha baiskeli wenzako. Kibao cha "véloroute" hakikupi uhakika huo. Ni njia ndefu yenye alama, na vipande vyake vingine vinapita kwenye barabara ndogo za vijijini pamoja na magari. La Loire à Vélo, njia inayofuata mto Loire kwa kilomita 900 hivi kutoka Cuffy karibu na Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins kwenye Atlantiki, ni véloroute. Inapendeza sana, lakini magari utayakuta, na sehemu nyingi zinapita juu ya tuta la kuzuia mafuriko ambako hakuna kivuli wala kinga ya upepo. Huko upepo hutoka zaidi magharibi, kwa hiyo anayeitaka Loire apande treni mpaka Nantes kisha aendeshe kuelekea Orléans, upepo ukiwa mgongoni. Kupanda kuufuata mto kwenda juu hutakuhisi.

Kwa safari ya kwanza, tunashauri mfereji wa Garonne. Una urefu wa kilomita 193 kutoka Toulouse hadi Castets-en-Dorthe, ulikamilika mwaka 1856, na njia iliyo kando yake karibu yote ni voie verte yenye lami. Fuata alama ya V80. Miti ya platani imepangwa kandokando kwa kilomita nyingi, hivyo jua na upepo havikupati kama kule Loire. Usivutwe na umaarufu wa Canal du Midi, unaotoka Toulouse kwenda upande wa Mediterania. Njia yake mbele ni udongo na mizizi mahali pengi, na mvua ikinyesha tope linajaa kwenye madigadi hadi tairi haizunguki.

Gawa safari siku nne. Toulouse hadi Moissac ni karibu kilomita 65, na ukifika Montech simama uone mtambo wa mwaka 1974 uliokuwa ukipandisha mashua kwa kusukuma kabari ya maji kwenye mteremko. Moissac hadi Agen ni 45. Kabla hujaondoka Moissac asubuhi ingia kwenye ua wa abasia, nyumba ya kale ya watawa, maana nguzo zake ni za mwaka 1100. Agen hadi Le Mas-d'Agenais ni 50, na unatoka Agen kwa daraja la mawe la mita 539 linalobeba mfereji mzima juu ya mto Garonne. Siku ya mwisho, hadi Fontet na La Réole, ni kama 30. Mwenye nguvu atasema ni kidogo. Aache hivyo hivyo. Kwenye tambarare hakuna mteremko wa kukupumzisha: unakanyaga pedeli saa zote, umekaa vilevile, na kinachouma kwanza ni makalio na viganja. Kila dakika kumi inuka kwenye siti kwa mizunguko ishirini ya pedeli na ubadilishe unaposhika usukani.

Ndiyo maana mazoezi yafanyike Tanga kabla ya kuondoka, na yafanyike na mzigo. Funga kilo 12 kwenye karia, nenda Tongoni na kurudi siku mbili mfululizo. Ukiweza, wakati wa kusi fika hadi Pangani, karibu kilomita 50, upepo ukikupiga kifuani njia nzima. Aliyemaliza hiyo hana la kuogopa Garonne. Rekebisha siti kwanza. Wengi wetu tunaiweka chini ili miguu ifike ardhini tukisimama, na kwa mwendo wa sokoni haina shida, lakini kwa siku nne mfululizo inaua magoti. Weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapofaa.

Baiskeli usiibebe kutoka nyumbani. Phoenix na nyingine za aina hiyo hutumia tairi ya inchi 28 kwa 1½, yenye kipimo cha 635 kwenye rimu, na Ufaransa duka la njiani litakuwa na 622, ile inayoandikwa 700C. Tairi ikichanika umekwama. Kodi Toulouse, na uliza duka linaloruhusu kurudisha baiskeli Bordeaux. Omba tairi ya upana wa milimita 35 hadi 40, karia imara, madigadi na kengele. Kabla hujalipa, jaribu breki: huko ya mbele mara nyingi iko mkono wa kushoto. Ukiibana ghafla ukidhani ni ya nyuma, utaruka juu ya usukani.

Mzigo usizidi kilo 15 pamoja na maji. Tumia mabegi mawili ya pembeni, uzito sawa kila upande, vitu vizito chini. Yasogeze nyuma mpaka kisigino kisiyaguse ukikanyaga. Upepo wa tairi ya nyuma uwe psi 60 hivi, mbele 50. Kila asubuhi kaza skrubu za karia kwa ufunguo wa L wa milimita 4, maana mizizi ya platani imeinua lami mahali pengi na mtikisiko huzilegeza bila wewe kujua. Skrubu moja ikidondoka, karia huegemea upande na kukata spoku.

Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, vyuma vya kutolea tairi na pampu inayolingana na vali za baiskeli uliyokodi, kwani nyingi zina vali nyembamba isiyoingia kwenye pampu ya kawaida ya huku kwetu. Pancha nyingi hutokana na miiba ya vichaka vinavyokatwa kando ya njia. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi yote. Mwiba ukibaki, pancha ya pili itakuja ndani ya kilomita moja.

Hatari zenyewe ni chache, na zina mahali pake. Njia inapopita chini ya madaraja ya mawe huinama na kukunja, huoni mbele: punguza mwendo, piga kengele. Kwenye makutano na barabara kuna vizuizi vyembamba vya vyuma. Shuka, sukuma, la sivyo begi litanasa. Majani yaliyolowa juu ya lami huteleza. Na unapotoka kwenye mfereji kwenda dukani, kumbuka upande wa kulia. Kosa hutokea asubuhi barabara ikiwa tupu, mwili unapojipeleka kushoto wenyewe.

Sheria: taa mbele na nyuma usiku, fulana ya kuakisi mwanga ukiwa nje ya mji gizani, helmeti ni lazima kwa mtoto chini ya miaka 12, na visikilizio masikioni ni faini ya yuro 135.

Chakula kinahitaji mpango zaidi ya njia. Vijijini maduka hufunga saa sita hadi saa nane mchana, Jumapili baada ya adhuhuri, na mengi hata Jumatatu nzima. Nunua Jumamosi chakula cha hadi Jumanne asubuhi. Nyama ya halali utaipata Toulouse, Montauban na Agen. Vijijini kaa kwenye mkate, jibini, mayai, dagaa wa kopo na matunda, na kwenye karatasi za viambato tafuta maneno "porc", "jambon" na "lardons", yote ya nguruwe, uyaepuke. Maji jaza kwenye bomba lenye kibao cha "eau potable", yaani maji ya kunywa. Makaburini pia huwa na bomba, ila likiandikwa "non potable" liache. Beba lita mbili.

Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo panga magharibi na isha kwa saa, si kwa mazoea. Visa ya Schengen huombwa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, na bima iwe ya angalau yuro 30,000.

Kutoka La Réole hadi Bordeaux kwa baiskeli kuna barabara za magari na vilima mpaka Sauveterre-de-Guyenne, ndipo voie verte nyingine inaanza juu ya reli ya zamani. Asiyetaka hayo apande TER, treni ya mkoa, kituoni La Réole. Nafasi za baiskeli ni chache, basi achague treni ya asubuhi katikati ya wiki, avue mabegi kabla treni haijafika, na asimame karibu na behewa lenye picha ya baiskeli.